Paneli Yako ya Sola Ielekee Wapi: Mwongozo kwa Wakazi wa Kitale na Bungoma

Kanuni inayorudiwa kwenye vijitabu vinavyokuja na paneli, na kwenye video za mafundi wa nchi za mbali, ni hii: ukiwa kaskazini mwa ikweta, elekeza paneli kusini, ukiwa kusini mwa ikweta, ielekeze kaskazini. Inafaa London na inafaa Johannesburg. Kwa mtu anayepanda juu ya mabati Kitale, Kimilili au Bungoma mjini, haimsaidii sana, na kuna miezi ambayo inamnyima umeme.

Bungoma iko nusu digrii na ushei kaskazini mwa ikweta. Kitale iko digrii moja. Kwa kilomita, ni kama 63 na 113 kutoka kwenye ule mstari unaopita Maseno, ambao wasafiri wa barabara ya Kisumu kwenda Busia hupiga picha kando yake. Mkazi wa London yuko zaidi ya digrii 51. Jua lake la adhuhuri liko kusini siku zote za mwaka, na mwezi Desemba hupanda digrii 15 tu kutoka upeo wa macho, kwa hiyo hana budi kusimamisha paneli zake na kuzielekeza huko. Jua letu la adhuhuri, hata siku linapokuwa chini kabisa, halishuki chini ya digrii 65. Liko juu yetu karibu mwaka mzima, ila linatupita mara upande huu, mara upande ule.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, elekeza paneli kaskazini-mashariki na uinamishe digrii 10 hadi 15. Kama paa limekwisha kujengwa na huna uhuru huo, usihangaike: upande wowote unaweza kukufaa mradi paa si la mwinuko mkali na hakuna kivuli. Mparachichi mmoja uliosimama vibaya utakula umeme mwingi kuliko kosa lolote la mwelekeo.

Mwezi mbaya ndio wa kupimia

Karibu tarehe 22 Machi jua hutupita utosini saa za adhuhuri, na fito iliyosimama wima haina kivuli. Kuanzia hapo linaegemea kaskazini, mpaka tarehe 21 Juni linapofika mwisho wa safari hiyo, digrii 22 au 23 kutoka utosini. Linageuka, linatupita tena utosini karibu tarehe 21 Septemba, kisha linaegemea kusini hadi digrii 24 hivi tarehe 21 Desemba. Hivyo, nusu ya mwaka liko kaskazini na nusu nyingine liko kusini.

Kwa jua peke yake, basi, ngoma ni sare. Kinachoamua ni mawingu. Mkulima wa mahindi wa Trans-Nzoia anaijua kalenda yenyewe bila kuambiwa: mvua inaanza Machi au Aprili na inaendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi Oktoba au Novemba. Julai na Agosti Kitale huwa na baridi na anga lililofunga. Desemba, Januari na Februari anga ni wazi, barabara zina vumbi na paneli yoyote, hata iliyolazwa vibaya, inajaza betri kabla ya saa nane mchana. Bungoma, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, haifungi anga kama Kitale, lakini mvua zake nzito nazo zinaangukia miezi ileile ambayo jua liko utosini au kaskazini.

Sasa ziweke kalenda hizo mbili pamoja. Wakati umeme ni haba, jua liko kaskazini. Wakati jua liko kusini, umeme ni wa kumwaga. Anayeelekeza paneli kusini anajiongezea Januari, mwezi ambao hana shida, na kujipunguzia Julai, mwezi ambao watoto wanamaliza kazi ya shule kwa mwanga wa simu.

Hili ndilo jambo ambalo hesabu za kimataifa hazitakuambia. Kuna zana nzuri za bure kwenye intaneti, kwa mfano PVGIS ya Tume ya Ulaya na Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia. Unaweka Kitale kwenye ramani na unapewa makadirio ya umeme. Zitumie. Lakini ukiiomba zana ikuchagulie pembe bora, itakupa ile inayoleta jumla kubwa zaidi ya mwaka, na jumla ya mwaka huenda ikapendelea kusini kidogo, kwa sababu jua kali la kiangazi liko upande huo. Nyumba inayoishi kwa betri haili jumla ya mwaka. Umeme wa Januari hauwezi kuuweka ghalani kama mahindi ukautoa Agosti. Betri ikijaa, kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji, inafunga mlango na jua linalobaki linapotea. Kwa hiyo usiangalie jumla. Angalia mstari wa Julai na wa Agosti, kisha jiulize ni mwelekeo gani unaoinua mistari hiyo miwili.

Tofauti ni kubwa kiasi gani? Chukua paneli iliyoinamishwa digrii 10, jua la adhuhuri, tarehe 21 Juni, Kitale. Ikielekea kaskazini inapokea karibu asilimia 98 ya miale ya moja kwa moja. Ikilazwa bapa, asilimia 92. Ikielekea kusini, 84. Desemba picha inageuka: kusini 97, bapa 91, kaskazini 82 au 83. Hiyo ni tofauti ya kama asilimia 14 saa za adhuhuri, siku za mwisho wa safari ya jua. Katika miezi ya katikati tofauti hiyo inapungua, na Machi na Septemba inatoweka. Siku ya mawingu mazito inapungua pia, kwa sababu mwanga unatoka anga lote na paneli haijui jua liko wapi. Siku kama hiyo paneli iliyolala karibu bapa ndiyo inayoliona anga vizuri, na iliyosimamishwa kama ubao wa matangazo ndiyo inayopata hasara.

Kuna watu ambao ushauri wangu wa kaskazini hauwahusu. Wa kwanza ni mwenye pampu ya kumwagilia sukuma na nyanya. Kazi yake iko Desemba hadi Machi, mvua ikinyesha pampu inapumzika. Paneli zake zielekee kusini, bila wasiwasi. Wa pili ni aliyeunganishwa na Kenya Power kwa utaratibu wa kubadilishana umeme chini ya kanuni za mwaka 2024, ambaye umeme wa ziada wa mchana unaingia kwenye nyaya na kuhesabiwa. Huyo jumla ni mali yake, basi aifuate jumla.

Asubuhi ni ya kutegemea

Mashariki nimeiweka kwenye jibu langu kwa sababu ya ngurumo za alasiri. Mkazi wa magharibi ya Kenya hahitaji kuelezwa: miezi ya mvua asubuhi inapambazuka vizuri, nguo zinaanikwa, halafu hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria inapanda na joto la mchana, inakutana na miinuko ya Elgon na ya Nandi, na ikifika saa nane au saa tisa mabati yanaanza kupigwa. Jua la saa nne asubuhi ni la uhakika zaidi kuliko jua la saa kumi.

Saa 3 asubuhi jua letu liko digrii 35 hivi juu ya upeo. Paneli iliyoinamishwa digrii 15 kuelekea mashariki inapokea theluthi moja zaidi ya ile iliyolazwa bapa, na zaidi ya mara mbili ya ile iliyoelekea magharibi. Jioni mambo yanageuka, bila shaka, lakini jioni ndipo wingu linapokaa. Kuna faida nyingine ambayo wenye betri za asidi wanapaswa kuijali: betri hizo zinaharibika zikikaa muda mrefu bila kujaa. Inayoanza kupokea chaji mapema ina saa nyingi za kujaa kabla anga halijafunga.

Mahali ulipo panaweza kubadilisha hesabu hii kidogo. Endebess iko upande wa mashariki wa Mlima Elgon, ule wenye mita 4,321, na jua linatua nyuma ya mlima mapema kidogo kuliko linavyotua Bungoma. Ni sababu moja zaidi ya kupendelea mashariki. Anayekaa chini ya milima ya Cherangani, upande wa pili wa Kitale, anapata jua la asubuhi likiwa limechelewa. Yeye abaki na kaskazini. Kama kwako ukungu wa asubuhi unakaa bondeni hadi saa nne, mashariki haina maana. Simama uani wiki moja na utazame. Hakuna zana ya intaneti inayolijua bonde lako.

Mwinamo: usisimamishe

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko kosa la mwelekeo ni paneli zilizosimamishwa digrii 30, 35, hata 40, kwenye fremu ya chuma iliyomgharimu mwenye nyumba pesa nzuri. Ni mtindo wa Ulaya. Paneli ya digrii 30 inayoelekea kusini, adhuhuri ya Juni, inapokea asilimia 61 tu ya miale. Hapo mwelekeo unakuwa jambo kubwa, na mwenye nyumba amejitakia mwenyewe.

Kuna kanuni nyingine inayosema mwinamo uwe sawa na digrii za mahali kutoka ikweta. Kwa Kitale hiyo ni digrii moja, yaani bapa kabisa, na kwa miale pekee si vibaya. Tatizo ni maji na uchafu. Paneli iliyolala bapa inashika maji kwenye ukingo wa fremu, maji yanakauka, matope yanabaki, na baada ya msimu mmoja mstari mweusi umeziba safu nzima ya seli za chini. Digrii 10 zinatosha maji kutelemka na kuondoka na vumbi. Hazifikii kiwango cha kukugharimu jua.

Huhitaji kifaa kupima. Digrii 10 ni kuinua sentimita 17 hivi kwa kila mita moja ya urefu wa paneli. Digrii 15 ni sentimita 26. Futi ya fundi mbao na ubao ulionyooka vinamaliza kazi.

Mapaa mengi ya mabati tayari yana mwinamo wa digrii 15 na zaidi. Kama mgongo wa paa lako umelala mashariki kwenda magharibi, una upande wa kaskazini na upande wa kusini: weka kaskazini. Kama mgongo umelala kaskazini kwenda kusini, weka mashariki. Paa la pande nne linakupa uhuru zaidi, ila pande zake fupi mara nyingi hazitoshi paneli kubwa za siku hizi za wati 400 na kuendelea. Paa likiwa na mwinuko wa digrii 25 au zaidi na upande ulio wazi ni wa kusini tu, adhuhuri ya Juni utakuwa unapata kama asilimia 68 ya miale mahali ambapo paneli bapa ingepata 92. Hapo ndipo inafaa kutengeneza vyuma vya kuinua upande wa chini wa paneli ili ilale zaidi. Kwa paa la zege la ploti za mjini, weka stendi fupi ya digrii 10, na usisahau upepo: dhoruba za huku zimeng'oa mabati yaliyopigiliwa misumari, sembuse paneli iliyoegemezwa na matofali.

Na wakati mwingine dawa si kuhamisha paneli bali kuongeza moja. Mwaka 1984, Mmarekani Harold Burris na mwenzake Mark Hankins walipofunga sola katika shule ya upili ya Karamugi karibu na Chuka, mojawapo ya kazi za mwanzo za aina hiyo nchini, kila wati ilikuwa ghali na kila digrii ilihesabiwa. Bei za paneli zimeshuka mno tangu wakati huo. Kabla ya kulipia fremu ya chuma ili uokoe asilimia 10, uliza bei ya paneli ya pili. Mara nyingi paneli ni rahisi kuliko chuma na ujira wa kukichomelea.

Ukigawa paneli, nyingine mashariki na nyingine magharibi, utapata umeme mtulivu uliotandaa siku nzima, jambo zuri kwa mwenye kinyozi au friji ya maziwa. Sharti ni moja: zilizoelekea pande tofauti zisiunganishwe kwa mfululizo kwenye mstari mmoja, kwa sababu iliyo kwenye mwanga hafifu itazivuta zote chini. Ziunganishwe sambamba, au kila upande uwe na mlango wake kwenye kontrola.

Kutafuta kaskazini bila kudanganywa na simu

Dira ya simu inadanganyika karibu na chuma, na juu ya paa la mabati umesimama juu ya chuma. Shuka, sogea mbali na nyumba, gari na nyaya, ndipo usome. Simu nyingi za bei nafuu hazina dira ya kweli hata kama programu yake inaonyesha mshale. Njia rahisi kuliko zote ni kufungua picha ya setilaiti ya ramani kwenye simu na kulitafuta paa lako: juu ya picha ni kaskazini, na mgongo wa paa unaonekana umelalia wapi.

Usiyekuwa na mtandao, tumia kivuli, lakini kuwa mwangalifu na saa. Saa ya Kenya imefuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao uko mbali na sisi tulio kwenye digrii 35. Ndiyo maana adhuhuri ya kweli ya Kitale na Bungoma haiko saa sita kamili. Iko karibu saa 6:40, ikitangulia hadi saa 6:24 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa hadi saa 6:54 katikati ya Februari. Fundi anayepima kivuli saa sita juu ya alama amekosea bila kujua. Fanya hivi: simika fito wima mahali palipo sawa. Saa 5:30 tia alama kwenye ncha ya kivuli. Saa 7:50 tia alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo unakwenda magharibi kwenda mashariki, na alama ya kwanza ndiyo ya magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe ya mraba ni kaskazini na kusini. Ukiupata kwa kukosea digrii tano au hata kumi, endelea na kazi. Paneli si dishi la televisheni linalopoteza picha likisogea kidogo.

Kivuli

Hapa ndipo pesa zinapopotelea. Seli za paneli zimeungana kwa mfululizo, na paneli ya kawaida imegawanywa sehemu tatu zenye vilinzi vyake. Kivuli kikifunika seli moja, sehemu nzima inaweza kuzima, nawe umepoteza theluthi ya umeme kwa sababu ya jani la mgomba. Kivuli kikilalia safu ya chini ya paneli iliyosimamishwa kwa urefu, sehemu zote tatu zinaguswa. Waya wa nguo, bomba la moshi, tangi la maji lililoinuliwa kwenye mnara wake, nguzo ya stima: vyote vinahesabika.

Kwetu hatari inatoka mashariki na magharibi. Mti wa mita 10 ulio mashariki mwa nyumba unatupa kivuli cha mita 14 hivi saa 3 asubuhi, na mwezi Juni au Desemba kinafika mita 16. Ulio magharibi unatupa mita 12 saa 10 alasiri. Lakini mti uleule ukiwa kaskazini, kivuli chake cha adhuhuri hata mwezi Juni hakizidi mita 4 na kitu, na ukiwa kusini, Desemba, kama mita 4 na nusu. Maana yake, ukipanda miti ya kukinga upepo, ipande kaskazini na kusini mwa nyumba na uache mashariki wazi. Na upande wa paa ulioelekea mashariki hauna faida yoyote kama jirani amepanda ukuta wa mikaratusi mpakani. Chukua kaskazini, au hata kusini, palipo wazi.

Kumbuka pia kwamba grevilia na mikaratusi havikai vilivyo. Mti unaokufika kiunoni leo utafika juu ya paa kabla betri yako haijazeeka. Tazama shamba lako na la jirani, ukadirie miaka mitano mbele. Kuzungumza na jirani mapema kuhusu matawi ni rahisi kuliko kuzungumza naye paneli zikishafungwa.

Hewa, majivu na maji

Joto linapunguza umeme: kila digrii moja ya sentigredi juu ya 25, paneli inapoteza asilimia 0.3 hadi 0.4. Ikibandikwa moja kwa moja kwenye mabati inaweza kufika digrii 60 mchana wa jua kali, na hapo asilimia 10 na zaidi imekwenda. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi chini yake hewa ipite. Wa Kitale, walio juu karibu mita 1,900, wana nafuu ya ubaridi. Wa Bungoma wana sababu zaidi ya kuacha nafasi hiyo.

Wa Bungoma wana jambo lingine: miwa. Shamba likichomwa kabla ya kuvunwa, masizi yanaruka na kutua kwenye kila paa linalofuata upepo. Kitale ni vumbi la mavuno na la barabara za murram, kuanzia Desemba hadi mvua za Machi. Katika miezi hiyo usingoje mvua ioshe. Panda asubuhi na mapema kioo kikiwa baridi, tumia maji safi na kitambaa laini, bila sabuni ya unga na bila waya wa kusugulia. Kioo kilichopata moto mchana kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Kama jikoni kwenu kunatumika kuni, usiweke paneli juu ya paa la jikoni wala upande moshi unakoelekea.

Jaribu kabla ya kukaza

Kama bado una shaka, paneli yenyewe itakujibu. Fundi akiwa na waya tayari na betri ikiwa haijajaa (sharti hili ni muhimu, kwa sababu betri iliyojaa inakataa umeme na namba zinakuwa za uongo), mwambie aishike paneli upande mmoja, asome ampea kwenye kontrola, kisha aigeuze. Paneli ya wati 100 ya volti 12 kwenye jua kali la adhuhuri inapaswa kutoa ampea 5 na kitu. Fanya hivyo asubuhi na tena adhuhuri. Ila kumbuka mwezi uliomo: jaribio la Januari litaipa ushindi kusini, la Julai litaipa kaskazini, na wewe unajengea Julai.

Tangu kanuni za mwaka 2012, fundi anayefunga sola Kenya anatakiwa kuwa na leseni, ambayo leo inatolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa madaraja. T1 ni ya mifumo midogo kabisa na T3 ni ya mikubwa zaidi. Mwombe akuonyeshe kabla ya kumlipa amana. Mwombe pia aunganishe fremu na waya wa ardhini, kwa kuwa radi za magharibi ya Kenya si mchezo, na afunge kwa bolti zinazoingia kwenye mbao za paa zikiwa na mpira wa kuzuia maji, si misumari kwenye bati tupu.

Kama unapanga kufunga, funga kabla ya Machi. Mabati yanakuwa makavu, fundi hatelezi, na una wiki kadhaa za jua la uhakika za kugundua waya uliolegea kabla mvua hazijaanza. Ikifika Julai, andika kila jioni betri imefika asilimia ngapi. Ikiwa haijai wiki nzima, tazama kivuli kwanza, kisha uchafu, na mwelekeo mwisho.